Ng'ombe wa Kabula

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kidato cha nne, vipindi viwili. Nimechora DNA ubaoni, ngazi iliyosokotwa, safi kama ya kitabuni. Jioni daktari wa Mwanza akapiga simu. Majibu ya kipimo cha damu ya Limbu yametoka. Mwanangu ana miaka sita na hajawahi kuniita mama.

Jumanne, 4 Machi
Sina hamu ya kula. Herufi tatu za DNA ya Limbu zimejirudia mno kwenye jeni moja. Hapo uzi unajikunja, unafanya fundo, na mwili unaizima jeni yote. Jeni ipo, nzima kabisa. Imezimwa tu. Fundo hilo kalipata kwangu, mimi nimelipata kwa mama. Kwetu ni dogo, halijazima kitu. Mdogo wangu Kabula huenda analo, huenda hana.
Na Jumamosi wanaleta ng'ombe wa mahari yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda nyumbani Dutwa. Mama kaniambia ninyamaze. Wazee wa upande wa mume watauliza kama ukoo una ugonjwa, huuliza kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Eti tutasema Limbu alianguka akiwa mchanga. Yaani nilimwangusha mimi. Hasira zimenipanda, chai nimeiacha mezani.
Kabula nimemweleza nyuma ya jiko. Hakulia.
"Dada, mimi siwezi kuwadanganya," alisema. "Ila ungekuja baada ya Jumamosi."

Jumamosi, 8 Machi
Waliuliza. Kabula akaomba kujibu mwenyewe, akasema hajapimwa bado. Wazee wakatoka nje kuteta. Ng'ombe wamerudi walikotoka. Mama hasemi nami.

Jumapili, 16 Machi
Damu ya Kabula imepelekwa Mwanza kupimwa. Majibu yatachukua miezi.

Ijumaa, 30 Mei
Yule kijana aliyekuwa amwoe Kabula kaoa kwingine, huko Kalemela. Ng'ombe walewale. Nimeambiwa na dereva wa bodaboda hapa Somanda, kama habari ya mvua. Nimelia mpaka Limbu akaja kunishika masikio.

Jumatatu, 9 Juni
Kabula hana lile fundo. Hana kabisa. Nimesoma majibu ofisini kwa walimu, nikaingia darasani, nikafundisha. Sikumbuki nilifundisha nini.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemkuta shambani anachuma pamba. Nikamwambia.
"Sina kabisa?"
"Huna."
"Haya."
Akahamia mstari wa pili, akaendelea kuchuma. Nikachukua kiroba, nikaanza mstari wa pembeni yake. Hakunifukuza. Tukachuma mpaka jua likazama.