Gari Zima Linalozima

Jumatatu, 3 Juni

Limezima tena! Katikati ya mzunguko, saa mbili asubuhi. Injini kimya, taa zote za dashibodi zimewaka kama zinanicheka. Nyuma yangu honi juu ya honi. Kidoti kwenye kiti chake cha mtoto, hana habari: "Mama, gari limelala." Nimemtoa, nimembeba, nimejaribu tena. Likawaka kama si lile. Hospitali tumefika tumechelewa, mazoezi ya mguu wake yamekwenda nusu tu. Mara ya tano hii tangu mwezi uliopita.

Jioni baba yake amelizungusha mtaa mzima peke yake. Halikuzima. Ameweka ufunguo mezani taratibu. Mbona kwangu linakwenda, Mama Kidoti? Nilikuwa nakwangua ukoko. Bora nimalizie hasira kwenye sufuria kuliko kwa mtu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nimelipeleka kwa fundi umeme, yule ambaye miwani yake imeungwa kwa waya. Ila nimeliosha kwanza! Nimetoa kiti cha Kidoti, makombo ya biskuti, soksi moja, maziwa yaliyoganda sijui tangu lini. Siwezi kupelekea watu uchafu.

Fundi amepima betri, alternata, fyuzi moja moja. Ameliendesha nusu saa. "Dada, hili ni gari zima."

"Zima kweli," nikamwambia. "Linazima kila siku."

Amecheka mpaka miwani ikamdondoka. Mimi nimecheka kwa meno tu. Ni mara ya tatu ananirudisha hivi hivi.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji amekuja, kaka mkubwa wa Baba Kidoti. Eti gari linamjua dereva wake — anasema hivyo huku mdomo umejaa chakula changu! Anataka tubadilishane: yeye achukue gari, sisi pikipiki yake. Baba Kidoti kamkubalia. Jumamosi ufunguo unaondoka.

Nilikuwa nimesimama pale pale, sahani mkononi. Na Kidoti? Na kile chuma anachovaa mguuni, nimpakie kwenye pikipiki? Nimesema sijakubali. Sikupaza sauti.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya hospitali. Limezima kwenye tuta la shuleni. Kidoti: "Limelala!" Nimemshusha, nimempandisha, tumekwenda.

Baadaye nimemwacha kwa mama yangu, nimekwenda kazini, nimerudi. Tuta lile lile, mara mbili. Halikuzima.

Nimeingiza gari uani, sikushuka. Mikono kwenye usukani. Likizima, nani yumo? Kidoti. Baba yake akiendesha? Kidoti hayumo. Na kwa fundi? Nikatazama barazani. Kiti chake huwa kimeegemea ukuta pale kila siku ya kwenda gereji!

Nimecheka mpaka machozi. Mara tatu nimeung'oa ugonjwa kwa mikono yangu, nikauosha, nikauanika, halafu nikampelekea fundi gari zima.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia fundi, nimemweleza habari ya kiti. Akapiga kelele: "Dada! Waya wa pampu ya mafuta unapita chini ya kiti cha nyuma! Umekatika ndani kwa ndani, ukikandamizwa unaachia. Usilioshe! Lilete na makombo yake, na mtoto wake." Tatizo, fundi yuko msibani, anarudi Jumatatu.

Nimemweleza Baba Kidoti.

"Kwa hiyo kosa ni la mtoto?"

"La waya."

Akakuna kichwa. Ameshatoa neno kwa kaka yake, atamwambiaje? Nimemwambia asimwambie kitu. Aje tu. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa ndani ya gari. Kiti cha mbele, kushoto. Kivuli kizuri.

Shemeji kaja na miwani ya jua. Kazunguka peke yake raundi moja: "Zima kabisa!" Nikasema haya, raundi ya pili na abiria. Nikamfunga Kidoti kitini, mkanda umekaza sawasawa. Baba yake pembeni yake. Nikachagua njia ya nyuma ya shule, leo hakuna gari hata moja. Polepole, shemeji.

Tuta la kwanza, halikuzima. Naona mkono wa shemeji unapapasa usukani kama wake tayari. Tuta la pili — taa zote! Injini kimya.

"Baba mkubwa amelilaza gari!"

Wa kwanza kucheka ni mume wangu.

Shemeji anasema mafuta machafu. Wameinua boneti, vichwa vyote viwili ndani. Nimewaambia ni chini ya kiti. "Subiri, shemeji, hii kazi ya wanaume." Haya, nasubiri. Ila ufunguo nimeuchomoa, uko kiganjani mwangu.

Kidoti ameomba biskuti, nimempa mbili. Makombo yanamwagika kitini. Siyapangusi.

Baba Kidoti ametoa kichwa kwenye boneti. Anajifuta mikono kwenye suruali, anakuja dirishani kwangu. Anauliza nilisema kiti kipi.