Kalamu ya Mzee Wafula

Mpwa wangu Kiprono,

Pokea salamu za huku Eldoret. Mahindi yameota, na Chebet wangu ameanza kutembea. Unaniuliza kama uache somo la kuchora ramani za nyumba, kwa vile wino unakushinda.

Mwaka jana nikifagia ofisi ya mchoraji wa ramani, Mzee Wafula, nilimsafishia kalamu yake, ile ya vyuma viwili vyembamba vinavyobanwa na skrubu. Nikaikaza vizuri, nikidhani nimemsaidia. Kumbe skrubu ndiyo inapima unene wa mstari, na ukuta kwenye ramani alikuwa ameuchora nusu. Nikajua kazi nimeipoteza, na mtoto niko naye mgongoni.

"Mama Chebet, umenifungia mlango nikiwa nje," akasema, akicheka kidogo.

Akachukua karatasi ya kutupwa, akachora mstari, akalegeza skrubu, akachora mwingine. Mistari kumi na moja ikakataa kulingana na ule wa ukuta. Wa kumi na mbili ulipokubali, akarudi kwenye ramani, na mpaka leo sijui aliungia wapi.

Fundi wa miaka mingi, na ile kumi na moja haikumtia haya. Nilimwomba hiyo karatasi. Nimeikunja humu ndani. Iangalie kwanza, ndiyo uniambie kama bado unaacha.

Shangazi yako,
Mama Chebet