Mechi Bila Mpira

Jumatatu, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Wachelewaji tena, na ni walewale. Nimekuwa mkurugenzi wa nidhamu hapa Muheto tangu shule ilipoezekwa kwa nyasi, na sijapata kuona vijana wenye afya wakichelewa kwa mpango namna hii. Dusabimana, aliyekuwa nahodha wa timu, alifika wa mwisho. Nilimuuliza sababu. Alisema mto umefurika. Haishi ng'ambo ya mto.

Nikampa adhabu ya kawaida: kufyeka nyasi za uwanja kwa kupekupe, panga letu la nyasi.

— Asante, Papa.

Hakuna mwanafunzi anayeshukuru kwa kupewa kupekupe.

Wimbo wa taifa ulikuwa wa vinywa tu, sauti hamna. Mwaka jana waliimba hadi wapita njia wakasimama barabarani. Sasa darasa la sita lina madawati matupu. Wenye madawati hayo wako Rubaya, migodini, wanapandisha magunia ya madini ya koltani vilimani kwa migongo yao.

Jumanne, 8 Novemba

Prefe Symphorien, mkuu wetu wa shule, aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Akasimama dirishani. Aliuliza kwa nini uwanja ni safi hivi ilhali alikwisha kupiga marufuku michezo. Nilimjibu kwamba ni adhabu ya shule, ya tangu zamani. Akasema niiache; uwanja uwe pori. Nikamwambia pori huleta nyoka.

— Nyoka hachagui, Papa.

Akatoka.

Niandike hapa, maana shuleni hatusemi. Mwezi wa Juni timu ya Buleusa ilikuja kwa lori kutoka Walikale. Prefe mwenyewe ndiye aliyeibembeleza ije. Hakuna mkuu aliyependa mpira kama yeye. Alikimbia kando ya mstari akiwa amevaa koti, tai imetupwa begani, akiongoza nyimbo kwa sauti iliyopasuka. Watoto wagonjwa walikuja shule kwa sababu kuna mechi jioni. Nilimwona mara nyingi kuwa hana staha. Lakini shule ilikuwa hai.

Kipindi cha pili watu wenye bunduki waliteremka kutoka kwenye mikaratusi. Hawakupiga risasi. Walikaa majanini, bunduki magotini, wakatazama. Gisubizo, winga wetu wa kulia, alipowapita mabeki na kufunga, walipiga makofi. Niliwaona kwa macho yangu. Mechi ilipokwisha waliingia uwanjani wakamchukua yeye, peke yake, kama mtu achaguavyo kabichi iliyo nzuri kuliko zote. "Huyu anakimbia." Hawakusema zaidi. Prefe alijitia mbele yao. Walimsogeza kando kwa mkono mmoja.

Kesho yake aliikata miti ya magoli yeye mwenyewe. Kuni zake zilipikia maharage ya walimu. Nilikula, kama wengine.

Alhamisi, 10 Novemba

Wakati wa mapumziko kelele zilikatika ghafla. Kelele za watoto nimezizoea. Kimya chao sijakizoea. Nilizunguka madarasa hadi uwanjani.

Walikuwa wakicheza. Timu mbili kamili. Wanakimbia, wanasimama, wanainua vichwa kutazama kitu kilicho juu, wanakishusha kifuani. Kipa anajirusha kati ya mashimo mawili yaliyobaki pale miti ya goli iliposimama. Hakuna mpira. Hakuna sauti hata moja. Wasichana wanatazama kutoka pembeni, mikono midomoni. Ndipo nilipofahamu wanachelewa kwa ajili ya nini. Wanaomba adhabu ili uwanja usiote pori, na mimi ninawapa.

Nilifungua kinywa niwakemee. Kisha nikaona kwamba upande wa kulia hapakuwa na mtu. Shambulizi lilipoelekea huko, wote walipunguza mwendo, wakangoja kidogo, kisha wakaendelea. Pasi ilikwenda kule, ikarudi. Walimwachia Gisubizo nafasi yake.

Na jambo jingine, ambalo sitamwambia mtu. Muda wote nilijua mpira ulipo.

Nilirudi ofisini. Nikafunga dirisha.

Ijumaa, 11 Novemba

Mama Thacienne, mama yake Gisubizo, anauza mandazi langoni kwetu. Hakuacha kuja hata baada ya Juni. Leo alinishika mkono wa koti.

— Papa, jana alicheza muzuri?

Nilimuuliza nani.

— Mutoto wangu. Nilikuwa tu hapa ku mulango. Niliona walimuachia nafasi.

Nikamwambia kwa upole: Mama, sote tunajua hayupo.

— Najua, Papa. Hata mimi najua. Nauliza tu kama alicheza muzuri.

Kwa miaka yote ya kazi yangu nimewafundisha watoto kwamba asiyeona asishuhudie. Nilisimama pale, wanafunzi wanapita. Nikasema: alicheza vizuri, Mama.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa habari aliyokwisha kuisikia, akanifungia mandazi mawili. Niliyabeba hadi nyumbani. Sikuyala, wala sikuyatupa.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimesikia wachezaji wawili wakigombana bombani. Nimeyaandika maneno yao jinsi yalivyosemwa, ingawa mkono wangu unakataa: hors-jeu yao ni kuotea, balo ni mpira.

— Ile goli iko bure. Ulikuwa hors-jeu.

— Hors-jeu ya nini? Balo uliiona wapi?

— Niliiona vile wewe uliiona.

— Basi kama uliiona, uliona vile iliingia. Uliza kipa wenu, alilala chini sawa gunia ya viazi.

— Ilipita inje!

— Inje kwenu. Kwetu iliingia.

Walikaribia kushikana. Nilikohoa, wakasimama wima, wakanisalimu. Nilipowapa kisogo walicheka, kicheko kamili cha tumboni. Tangu Juni sikuwa nimesikia kicheko bombani.

Bao lilikuwa halali. Sikusema.

Jumatatu, 14 Novemba

Asubuhi wimbo wa taifa ulisikika hadi barabarani. Na Bienvenu amerudi kutoka Rubaya. Mabega yamechubuka, udongo wa mgodi bado umo kwenye kucha. Nilimuuliza kilichomrudisha. Alisema huko kilimani wanasema shule inacheza tena. Nilimwambia hakuna mpira.

— Walinielezea, Papa. Niko kipa. Nitaudaka tu.

Nilimwandika tena shuleni.

Kisha mapumziko, na Prefe akawaona. Sijui alisimama pale kwa muda gani. Alipowafikia, wachezaji walisimama kila mmoja mahali pake. Alimwita Dusabimana mbele yangu.

— Nani alikuruhusu kucheza?

— Hatukucheza, Papa Prefe. Balo haiko.

Haikuwa jeuri. Kijana alisema alichoamini. Prefe alitia mikono mifukoni. Alisema huyu ndiye anayewapanga, huyu afukuzwe. Baraza la nidhamu litakaa Jumatano. Kwa desturi yetu mimi ndiye wa kwanza kusema, na baraza halijapata kwenda kinyume na neno langu.

Jioni nilimkuta Dusabimana langoni. Nilimuuliza atakwenda wapi akifukuzwa. Hakutaja Rubaya. Alitazama mikaratusi.

— Gisubizo iko kule, Papa. Kuko muntu anapaswa kumufata.

Jumatano, 16 Novemba

Baraza. Prefe aliomba atangulie kusema. Nilimruhusu.

Alisema: mnaniona mwoga. Nilikuwa nikiwafundisha watoto hawa kukimbia. Niliwavalisha jezi, nikawapanga mahali pa wazi, nikaita watu waje watazame. Na walikuja. Kisha nikashangaa kwamba mmoja alichukuliwa. Mkulima anaficha hata mbuzi wake, sembuse sisi na watoto wa watu. Uwanja ule ni meza ya soko. Nataka tu watoto wabaki wasionekane.

Hakuna mwalimu aliyeinua macho. Kila neno lilikuwa kweli.

Nilisema kwamba anayeacha shule huchukuliwa pia, tena mahali ambapo hakuna wa kumwona akichukuliwa. Nilisema madawati yalianza kuwa matupu wiki ile aliyokata magoli. Nilisema Bienvenu ameacha mgodi kwa ajili ya mpira usiokuwepo, na kwamba mimi, kwa mamlaka yangu yote ya nidhamu, sijapata kumrudisha mtoto hata mmoja. Niliomba Dusabimana abaki.

Prefe aliinuka. Kisha alifungua kabati lake, akatoa mpira wa mechi ile ya Juni, akauweka mbele yangu.

— Basi ni wako, Papa. Uwanja ni wako, siku ni yako. Na siku itakapokuwa lazima kwenda kumwambia mama mwingine, utaenda wewe. Mimi nilikwenda mara moja.

Dusabimana hakufukuzwa. Alinishukuru. Nilimwambia asinishukuru.

Alhamisi, 17 Novemba

Mpira umepungua upepo. Una alama ya udongo mkavu upande mmoja. Sikuifuta.

Katika saa yangu ya sarufi, upepo ulipiga madirisha ya bati, pa, pa, pa. Nilinyamaza katikati ya sentensi. Darasa zima liliacha kuandika. Sote tulisikia makofi; niliona nyusoni mwao. Kisha upepo ulipita, nikaimalizia sentensi.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimemwambia Dusabimana: kesho baada ya masomo. Alifumba macho kidogo. Aliuliza nani atacheza kulia.

Nilimjibu hilo ni la nahodha.

— Tutamuachia, Papa.

Nilimweleza, kama mwalimu, kwamba mpira wa kweli haungoji mtu. Utakwenda kule na utatoka nje.

— Ukitoka tutaenda kuuleta.

Alasiri walisimamisha miti mipya katika mashimo yaleyale. Sikuwa nimewaagiza. Wasichana walisaga chokaa wakapiga mistari, iliyonyooka kuliko ya Prefe. Nyimbo zimesikika hadi jua linazama. Watoto wa shule ya msingi wanazijua pia. Sijui walijifunza lini.

Nilipita kwa Mama Thacienne kumweleza mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Alisema atakuja mapema apate mahali pa kukaa. Nilitaka kumwambia asije.

Jumamosi, 19 Novemba

Saa sita na nusu. Masomo yamekwisha. Naandika ofisini, mpira uko mezani. Nauzuia kwa kiwiko usibingirike. Nilikusudia kuandika baada ya mechi, kama ilivyo desturi yangu. Leo naandika kabla.

Uwanja umejaa. Wazazi pia wamekuja, kutoka mashamba ya juu, majembe mikononi. Mama Thacienne ameketi upande wa kulia, karibu na mstari, mahali ambapo hakuna mchezaji. Timu zimekwisha kujipanga. Bienvenu yumo golini, anapiga mti kwa kiganja kama anayebisha hodi.

Prefe alisema hatakuja. Amekuja. Amebeba kiti chake cha ofisini hadi kando ya uwanja, na wanafunzi walidhani anakuja kuongoza wimbo, wakaanza kumshangilia. Alikiweka kiti kikielekea kilima. Amewapa wachezaji mgongo. Hajageuka hata mara moja.

Nilifuata macho yake. Juu, njia inapotoka kwenye mikaratusi, kuna watu watatu wameketi majanini. Wanaweza kuwa wakulima. Leo wakulima wako kila mahali. Kwa miwani hii sioni wameshika nini.

Wanafunzi wameanza kuimba jina la shule. Madirisha yanatetemeka.

Dusabimana amekuja mlangoni. Jezi imepigwa pasi.

— Papa, tunakungojea.

Nilimwonyesha kilimani kwa kalamu. Nikamuuliza kama anawajua wale.

Alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

— Siwajue, Papa.

Hakuondoka. Amenyoosha mikono miwili, jinsi ninavyowafundisha wapokee kitu kwa mkubwa. Macho yake yako kwenye kiwiko changu. Prefe naye amesimama kutoka kwenye kiti. Naweka kalamu chini.