Mtungi wa Spiriti na Chupa za Laga

Griftu

Kaka yangu Mwakio,

Hujambo wewe? Wifi na watoto wanaendeleaje, na goti la Mama linasemaje na ukungu wa huko Wundanyi? Mwambie aufunge ukungu kidogo kwenye mfuko anitumie, maana hapa Griftu hata kivuli kina joto. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hilo usimwambie. Mwambie nakunywa maziwa ya ngamia kila asubuhi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba yananikubali, jambo ambalo limekuwa kweli siku hizi tu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika katikati. Tena nataka shukrani zangu uzishike mkononi. Ule mtungi wa spiriti ulionitumia kutoka duka lako la dawa nusura unifukuzishe kazi. Na kwa ajili ya mtungi huohuo, sasa sina haraka ya kuondoka hapa. Tulia nikueleze.

Nilipokuomba spiriti ya kuhifadhia wadudu ulinijibu kwamba jua limenipanda kichwani. Sikukulaumu, maana wewe umekulia kwenye vijito vya maji baridi na hujawahi kuona laga. Laga ni mto usio na maji. Miezi mingi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita, watoto wanachezea mpira humo. Kisha mvua inanyesha mbali, hata wingu lake hatulioni, na maji yanakuja kwa kishindo. Yakishatulia yanabaki madimbwi, na ndani ya madimbwi, sijui hata wanatoka wapi, wanajaa wadudu: watoto wa kereng'ende wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa, mende weusi wa maji, na wale wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji bila kuzama.

Mwalimu wa sayansi aliyenitangulia, Mwalimu Roba, mtu wa Isiolo, aliwazoesha wanafunzi jambo moja. Kila laga inapokuja, maji yakipoa, wanakwenda na machujio ya chai, wanawavua wadudu na kuwatia kwenye chupa za spiriti. Ndani ya kila chupa kunatiwa karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti na penseli haiyeyuki. Mtoto anaandika ni mvua gani, ile ndefu ya Gu ya kuanzia Aprili au ile fupi ya Deyr ya mwisho wa mwaka, maji yamefika wapi, amekamata nini, na mjini kuna habari gani. Mwalimu Roba alihamishwa, akaniachia stoo yenye rafu iliyojaa chupa.

Kaka, nimezisoma zote. Kuna chupa inayosema nzige walipita. Nyingine inasema mzee aliyechimba kisima cha kwanza cha shule amefariki, na ndani yake wamo mende wa maji wa aina ambayo kwenye chupa za karibuni siwaoni tena. Kuna moja ambayo nilitaka kuitumia kuwekea sukari kwa kuwa ilikuwa kavu na haina mdudu hata mmoja. Nikatoa karatasi yake: "Mwaka huu laga haikuja." Niliirudisha kwenye rafu na kuipangusa vumbi. Hapa watu huhifadhi mambo kichwani, na hushangaza kwa kumbukumbu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukutajia baba, babu na mababu zake hadi uchoke wewe kusikiliza. Lakini wadudu na mvua za juzi hakuna anayewakariri. Rafu ile ndiyo daftari la laga.

Sasa spiriti hukauka. Nilipokuja chupa nyingi zilikuwa zimebaki nusu, na wadudu wa juu wameanza kuoza. Ndipo nikakuomba mtungi. Nawe, najua, ulifunga mfuniko kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

Kutoka Voi hadi Wajir ulifika salama, Mungu ndiye anayejua vipi. Kutoka Wajir kuja huku ulipandishwa kwenye lori, ukawekwa juu ya robota la madera la Habo Halima. Habo ni kama kusema shangazi au mama mdogo, na hapa kila mwanamke aliyekuzidi umri ni habo wako. Huyu ndiye mwenyekiti wa wazazi wa shule, anauza nguo sokoni, na mtoto wake wa mwisho yumo darasani mwangu. Ni mwanamke ambaye akisimama mkutanoni, wanaume hukumbuka kufunga midomo. Barabara ni mashimo, mtungi ukavuja, na madera ya Idi yakalowa spiriti. Juu ya mtungi palikuwa na jina langu, kwa mwandiko wako wa kujivunia, herufi kubwa.

Habo Halima alikuja shuleni asubuhi, amefuatana na Maalim Yusuf, anayefundisha watoto Kurani. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nilipoingia tu nikasikia harufu, kwani Habo alikuwa amekuja na dera moja kama ushahidi.

"Mwalimu, sisi tulikubokea fizuri," akasema. "Nyumba tulikupa. Kwa nini unaleta bombe kwa shule ya watoto?"

"Si pombe, Habo. Ni spiriti ya kuhifadhia wadudu."

"Wadudu!" Akamgeukia Maalim. "Umesikia? Anabelekea wadudu bombe."

Nitakuwa mkweli kwako, niliogopa. Walimu wageni tuliobaki huku tunahesabika, na maneno ya mzazi mmoja yanatosha mtu kuhamishwa. Lakini nilichokiogopa zaidi zilikuwa chupa. Maalim alinusa lile dera, akauliza kama kitu hiki kinanyweka. Nikamwambia anayekinywa anapofuka. Akatikisa kichwa, akasema basi ni kama ile wanayopaka hospitalini kabla ya sindano, na kwa hiyo haina ubaya. Habo Halima hakuridhika. Alisema hospitali ni hospitali na shule ni shule, na harufu ile watoto wakiizoea hawatajua tena kuikimbia. Akataka chupa zimwagwe zote, siku ileile, mbele ya macho yake. Mwalimu mkuu akanitazama kwa huruma na kusema, "Mwalimu Wakesho, mimi siwezi kugombana na wazazi. Tufungue stoo."

Tukaenda. Fikiria, Kaka. Mvua zote zile, na vitoto vyote vile vilivyoandika kwa penseli, vikamwagwe mchangani kwa sababu ya mfuniko. Habo Halima akachukua chupa iliyokuwa karibu na mkono wake, akasema "Bismillahi," akaanza kuifungua. Kisha akaona karatasi ndani.

"Hii inasema nini?"

Hajui kusoma, na hilo hamfichi mtu. Nikaichukua chupa, nikaielekeza dirishani, nikamsomea kama ilivyoandikwa:

"Laga imekuja Gu. Maji imefika kwa mti ya Mzee Nur. Soko ya ngamia imehama ubande ya barabara. Nimeshika mtoto ya kereng'ende na mende mbili. Mama alinikatasa kuingia maji. Niliingia mbaka magoti tu. Deka Abdi, darasa la sita."

Mwalimu mkuu akaweka mkono kwenye paji la uso. Maalim akasema neno la Kiarabu polepole. Mimi nilikuwa mjinga peke yangu mle ndani, nimeshika chupa, sielewi.

"Soma tena," akasema Habo Halima.

Nikasoma tena. Nilipofika kwenye magoti akatoa sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Muongo!" akasema. "Muongo huyu! Alikuja nyumbani dera yote maji, mbaka hapa!" Akajipiga kifuani. "Nikauliza, wewe Deka, hii maji ni ya wapi? Akasema mbuzi imemwaga ndoo. Wallahi, mbuzi!" Akaendelea kucheka huku machozi yakimtiririka, na Maalim akageuka kutazama ukuta.

Deka alikuwa binti yake wa kwanza. Aliugua homa, akafariki kabla ya kuingia darasa la saba. Picha yake mama hakuwa nayo. Madaftari yake mama aliyaweka chini ya kitanda, akaja kuyakuta mchwa wameyamaliza. Na ule ukoo wanaoukariri watoto hupita kwa wanaume, baba hadi babu, kwa hiyo msichana aliyeishia darasa la sita hata humo hamna nafasi yake. Mwandiko wake wote uliobaki duniani ulikuwa ndani ya chupa ile, pamoja na mtoto wa kereng'ende na mende wawili.

Nilimwambia achukue chupa yake. Akakataa. Akasema nyumbani kwake kuna watoto na mbuzi na wataivunja. Aliirudisha kwenye rafu mwenyewe, akaisogeza mbali na ukingo, akamwambia mwalimu mkuu, "Hii usimwage. Hata hizo zingine. Hizo pia ni watoto ya watu."

Jioni nilikwenda kwake kumsaidia kuosha madera. Tukayafua, kisha akayatandaza juu ya kigae cha makaa na kuyafukiza kwa uunsi, manukato yao, hadi harufu ya mtungi wako ikasalimu amri. Alinieleza habari za Deka tangu kuzaliwa kwake, nami nikamweleza habari za Mama na habari zako, hata siku ulipoanguka mtini ukiiba maparachichi. Sasa anakufahamu vizuri. Huniuliza, "Yule kaka yako wa kufunga fitu fibaya hajambo?"

Kwa hiyo asante, Kaka. Nakushukuru kwa spiriti, nusu iliyobaki ilitosha kujaza chupa zote. Na Mungu anisamehe, nakushukuru pia kwa iliyovuja. Kama ungeufunga mfuniko kama mtu mwenye akili timamu, ningeendelea kuipangusa vumbi chupa ile bila kujua ni ya nani, na mama yake angepita nje ya stoo kila mkutano wa wazazi. Wazazi wengine nao wameanza kuja. Wanaketi kwenye benchi la stoo, nawasomea, na mara nyingine wananisahihisha mti uko wapi na ngamia alikuwa wa nani.

Msalimie Mama, umwambie namwombea goti lake kila siku. Msalimie wifi, mke wako mvumilivu, na watoto wako wote, hasa yule anayeogopa panzi. Msalimie Baba mdogo, umwambie sijaliwa na simba kama alivyotabiri. Mzee wa kanisa aliyeniombea safari mfikishie shukrani zangu. Ukipata nafasi, tuma mtungi mwingine. Mfuniko wifi aufunge.

Sikutaka kufunga bahasha bila kukueleza la juzi. Laga imekuja, maji mengi, yamepita mti wa Mzee Nur. Yalipopoa niliwapeleka wanafunzi na machujio yao, tukamkuta Habo Halima ametutangulia, na chujio lake la jikoni mkononi, na chupa ya jamu aliyoisafisha hadi inang'aa. Alikuwa ameshapata mtoto wa kereng'ende. Nilimtilia spiriti, nikatoa penseli na karatasi, nikamuuliza niandike nini.

"Andika laga imekuja Gu," akasema. "Andika bei ya mbuzi ni nzuri. Andika Halima, mama ya Deka, ameshika huyu mdudu." Akafikiri kidogo. "Andika aliingia maji mbaka magoti tu."

Nikamtazama. Dera lake lilikuwa linachuruzika maji kuanzia kifuani.

Nikaandika kama alivyosema.

Dada yako akupendaye,
Wakesho