Kigari Kisicho na Magurudumu

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa dada,

Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unakutesa kwa yale mashuka ya wageni huko kazini? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini anagomba kama kawaida, kwa hiyo usihofu.

Dada, habari za binti yako si nzuri, na sitazungusha maneno. Lile darasa la Jumamosi pale maktaba, watoto wanakounda vigari na kuviendesha kwa kompyuta, lilitangaza kwamba watakaofikisha vigari vyao mwisho wa meza watapata nafasi katika darasa kubwa la likizo. Binti yako, Fundi wako kama unavyomwita, maskini, alikuwa haongei kitu kingine.

Basi mwalimu, tena mwanamke mwenzetu, akaona mtoto anashika upesi, akamfanya msaidizi. Wavulana nao hawakuona haya kumwita: "Dada, waya umechomoka! Dada, changu kinarudi nyuma!" Mtoto huku, mtoto kule. Kulikuwa na mvulana mwepesi vilevile, lakini yule aliachwa na kazi yake. Hakuna aliyemwita kaka.

Siku ya maonyesho nilikwenda na mama. Vigari vikatembea, watu wakapiga makofi. Cha Fundi kilikuwa pembeni, hakina hata gurudumu moja. Nikamfuata mwalimu, nikamwambia huyu ndiye aliyewafundisha hao wote. Akanijibu, "Kweli kabisa, ana moyo wa kusaidia," akampa cheti cha ukarimu. Ukarimu! Mcheza kwao hutuzwa, wanasema. Huyu katuzwa karatasi. Nafasi zote zikaenda kwa wavulana aliowashika mkono yeye mwenyewe. Nilichukia, dada, mpaka mama akanivuta nguo nikae.

Fundi hakulia. Afadhali angelia. Jumamosi iliyofuata alikataa kwenda, na nikimsemesha anasema amechoka tu.

Jana nikamkuta sakafuni na mdogo wake wa kike, anamwonyesha kuunga waya kwenye betri. Nikafurahi, nikasema moyoni, amepona huyu. Taa ndogo ikawaka, mdogo akashangilia. Fundi akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, akamwambia:

"Ukishajua, nyamaza. Watakuita dada."

Mpigie simu, tafadhali. Mimi maneno yameniishia.

Mama anakusalimu sana, na mume wangu, na mdogo mtu anauliza utarudi lini. Mola akufunike huko ugenini, akurejeshe kwa wanao mapema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.