Shilingi Iliyokanyagwa na Treni

Jumapili, 8 Julai 1979

Baridi imekaa. Tangu Ijumaa hatujaliona jua hapa Jericho, na manyunyu yanaanguka kama mtu anayesitasita kubisha hodi. Asubuhi wote walikwenda kanisani. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Nilitaka nyumba itulie nimwage kopo langu la sarafu mezani, karibu na dirisha.

Sikusanyi sarafu nzuri. Sarafu inapotoka kiwandani haina la kusema. Inafanana na nyingine zote za siku yake. Mimi nataka iliyopatwa na jambo baada ya hapo. Ninayo senti kumi ya enzi ya mkoloni, ya tundu katikati, iliyoshikilia msumari wa bati juu ya paa letu miaka na miaka mpaka Baba alipopanda kuziba palipovuja. Ninayo shilingi iliyoliwa na maji ya betri, niliyopewa na fundi wa redio kwa sababu hakuna duka lililoikubali. Ninayo sumuni yenye alama ndogo ndogo ukingoni, ambayo mtoto aliota meno akiitafuna.

Mama husema watu huokota pesa, mimi naokota ajali zake.

Nina sharti moja tu. Jeraha liwe limekuja lenyewe, katika maisha. Anayechukua nyundo akaipondaponda sarafu ili aniletee hajaniletea kitu. Kovu la kujichora si kovu.

Wafula analijua sharti hilo. Nilimwambia mwenyewe, mwaka jana, alipoanza kuja kwetu.

Yeye ni fundi wa chuma katika karakana moja ng'ambo ya reli, Eneo la Viwanda. Huja Alhamisi jioni na Jumapili baada ya ibada, na kila ajapo ana sarafu iliyoumia na hadithi yake. Hii iliungulia ndani ya kibanda Mathare. Hii ilipitiwa na mkokoteni uliobeba saruji. Hii ilitolewa kwenye tumbo la mbuzi. Hii ilibanwa na mawe mtoni. Anasimulia polepole, bila kucheka, mpaka hata Baba anaweka chini patasi yake na twiga aliyekuwa akimchonga, anasikiliza.

Jumamosi ijayo mjomba wake na shangazi yake wanakuja kuzungumza na wazazi wangu. Mama ameshaazima viti.

Alhamisi aliniletea shilingi iliyokunjwa karibu nusu. Alisema treni ya mizigo iliikanyaga pale Makadara, na kwamba msichana aliyeidondosha alisimama akiitazama reli, akalia. Tangu siku hiyo kitu kilinikera na sikujua ni nini. Nimeziona sarafu za relini. Treni huilaza sarafu ikawa nyembamba kama jani. Haiikunji.

Basi leo nilizipanga zote alizonipa, ubavu kwa ubavu. Kwenye ukingo wa ile ya treni kulikuwa na miraba midogo, kama nyuzi za gunia. Ya tumbo la mbuzi ilikuwa nayo. Ya mtoni ilikuwa nayo. Na katika kila moja mraba mmoja ulikosekana, mahali palepale.

Nilijua ni nini. Nilikwenda karakanani kwao siku moja kumpelekea ujumbe, nikaliona jiriwa, lile domo la chuma lenye meno ya miraba, linalobana kitu fundi anapokipiga tupa.

Sikulia. Niliziacha zilivyopangwa, nikamngoja.

Alipofika baada ya ibada, Baba alikuwa amebaki kanisani na wazee wenzake. Mama alikuwa jikoni. Sikumwambia karibu. Nilimwonyesha meza.

"Jiriwa lenu lina jino lililovunjika," nikasema.

Aliinama akazitazama moja moja.

"Upande wa kushoto," akasema. "Namwambia msimamizi alibadilishe tangu Krismasi."

"Na treni?"

"Hakuna treni, Mwende."

"Na msichana aliyelia?"

Akatikisa kichwa. Alisema kibanda kiliungua kweli, na mkokoteni ni wa kweli. Hizo mbili nisizitupe. Baada ya hapo hakupata nyingine. Watu hutunza pesa zao.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuja mikono mitupu. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Baba yako hunisimamisha mlangoni kila siku. 'Leo umeleta nini, kijana?' Ningemjibu nini? Kwamba nimekuja kukutazama?"

Ni kweli. Nyumbani kwetu kijana haingii bila shughuli, na sarafu ndizo zilizokuwa shughuli yake. Baba anauliza kama mzaha, lakini hatoki mlangoni mpaka ajibiwe.

Lakini si sarafu zilizoniumiza. Ni yule msichana. Usiku wa Alhamisi nilimfikiria. Nilimpa hata rangi ya gauni. Mtu anayeweza kumwumba msichana, akamliza, akaniangalia nikimhurumia, ataniambia nini miaka kumi ijayo atakapochelewa kurudi nyumbani? Nilimwambia hivyo. Alichukua kofia yake akauliza kama Jumamosi aje au asije.

Nikamfungulia mlango. Akaondoka kwenye manyunyu.

Mama alikuwa amesikia yote, maana ukuta wetu hauna siri. Alikuja akipangusa mikono, akakaa.

"Baba yako aliniambia ana ng'ombe wanane," akasema. "Walikuwa wa mjomba wake."

Nikamwuliza alifanya nini alipojua.

"Nilikwenda kuwatazama. Nilipokuta hawako kwake, nikamtazama yeye." Akaichukua ile shilingi iliyokunjwa, akaipima kiganjani. "Huyu wako angalau ameharibu pesa yake mwenyewe."

Akarudi kwenye sufuria zake. Mama hamalizi mazungumzo. Huyaacha mezani kama sahani.

Mchana wote nimekaa na sarafu hizi. Nilitaka kuzitenga za kweli na za uongo, makopo mawili, yaishe. Nikaanza na sumuni ya mtoto aliyeota meno. Mkono ukasimama. Nani aliniambia kuna mtoto? Niliipata kama chenji dukani. Sikumwuliza mwenye duka neno. Huyo mtoto nimemleta mimi, kama Wafula alivyomleta msichana wake, na nimeishi naye miaka miwili bila kumtilia shaka.

Katika kopo langu lote, ambazo nayajua hasa yaliyozipata ni chache mno. Ile ya paa letu. Ile ya betri. Na hizi za jiriwa. Hizi najua hata mkono uliozikunja, na kwamba kila moja ilikuwa nauli yake ya basi, maana Wafula huenda kazini kwa miguu akisema anapenda kutembea.

Hilo halifuti uongo wake. Nimelifikiria pande zote na bado ni uongo. Siwezi kuolewa na mtu ambaye nitalazimika kumkagua ukingoni kama sarafu. Lakini siwezi pia kusema aliniibia kitu.

Nimezirudisha zote katika kopo moja.

Kesho asubuhi atapita nyuma ya nyumba akielekea relini. Nitamngoja penye kamba za nguo. Nitamwambia aje Jumamosi. Mjomba na shangazi walete sukari yao na majani yao ya chai, kama ilivyo desturi. Yeye asilete kitu. Mikono yake iwe mitupu kabisa.

Baba atamsimamisha mlangoni, mbele ya wageni wote, amwulize leo ameleta nini.

Nitakuwa nyuma ya pazia. Nataka kusikia atajibu nini.