Nilibaki Nje ya Lango

Jumatano, 1 Novemba 2023

Mama ameshusha lile sanduku. Kimono imetoka na harufu yake ya kafuri — nyekundu vilevile, korongo weupe mabegani vilevile. Miaka arobaini na miwili! Bibi aliishona kwa mkono wake nilipotimiza saba. Nimeivaa mara moja tu, kwa ajili ya picha, sebuleni.

Sasa ni zamu ya Kaho, binti wa mdogo wangu Tomonori. Jumapili ya tarehe 12 tutampeleka hekalu la Mikashio, miungu ishukuriwe kwa kumfikisha miaka saba. Tomonori na mkewe Mihoko watatoka Osaka na mtoto asubuhi, watupitie mimi na Mama hapa Hashimoto, kisha tupande milimani pamoja. Safari ya siku moja.

Mama alipima mikono ya kimono kwa shubiri, akasema Kaho ni mrefu kuliko nilivyokuwa mimi, itabidi pindo lifunguliwe. Kisha akanyamaza. Nadhani alikumbuka. Au nilikumbuka mimi, nikamtwika yeye ukimya wangu. Sina hakika.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimekwenda makao ya wazee kumwona Bibi, mama mzazi wa Mama. Ana miaka tisini na saba. Uji hautaki tena; maji anapewa kwa kijiko. Kaho humwita Bibi Mdogo, kwa kuwa ndiye mfupi kuliko watu wazima wote wa ukoo wetu, na leo alionekana mdogo kwelikweli, kama mtu aliyekunjwa ili awekwe mahali. Muuguzi wake, Bi. Nakatsuji, alinivuta kando. Alisema zimebaki wiki chache, pengine si nyingi. Namba ya simu waliyo nayo ni yangu.

Nilipomweleza Mama, aliuliza kama ni wiki au ni siku. Nikasema wiki. Akatazama rafu ya miungu iliyo juu ukutani, akasema basi Jumapili itapita salama.

Naandika hapa jambo ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi. Mwaka 1981 Babu alifariki zikiwa zimebaki siku tisa nipelekwe Mikashio. Bibi hakupandisha sauti. Alibandika karatasi nyeupe mbele ya rafu ya miungu, ili unajisi wa kifo usiifikie miungu, akasema hakuna mtu wa nyumba hii atakayepita chini ya lango la hekalu mpaka siku hamsini ziishe. Zilipoisha, theluji ilikuwa imeanguka. Mama akaniahidi mwaka utakaofuata. Lakini mtu hatimizi miaka saba mara mbili. Nilivalishwa, nikapigwa picha nikiwa nimesimama mbele ya ile karatasi, kimono ikarudishwa sandukuni.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikaandika tasnifu kuhusu miiko hii hii: asili yake, mipaka yake, jinsi ilivyobadilika karne kwa karne. Naweza kuieleza vizuri. Kuieleza hakukunitibu. Hadi leo sijui kama nililia kwa sababu ya mwiko wenyewe, au kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuniuliza.

Ijumaa, 10 Novemba

Bibi amelala mchana kutwa. Mama alimsugua miguu.

Jioni Tomonori alipiga simu: je, tuahirishe? Mama alimjibu kwamba mama yake anapumua, na yeye hawezi kuanza kumwombolezea mtu anayepumua. Pindo limekwisha kushonwa. Hali ya hewa itakuwa nzuri.

Jumapili, 12 Novemba

Saa kumi na moja jioni. Naandikia ukumbini, makao ya wazee. Mama yumo chumbani na Bibi, mlango umefungwa. Nijaribu kuyaweka kwa mpangilio, maana tangu asubuhi nimekuwa nikiyapanga ili yanifae mimi.

Tulitoka saa mbili. Tomonori aliendesha, Mihoko mbele, sisi watatu nyuma, Kaho katikati akiwa amekaa wima kama mwanasesere kwa ajili ya ule mkanda mpana wa kimono. Alilalamika kwamba akicheka unambana. Mama akamwambia basi asicheke. Tangu hapo baba yake hakuacha kumchekesha. Mimi pia sikusalimika.

“Dada, nakuomba leo usimfundishe kuhani kazi yake,” alisema. “Mwache atikise karatasi zake za utakaso kwa amani.”

Vijijini wameanika matunda ya kaki chini ya mapaa, safu kwa safu, rangi ya machungwa. Nilikuwa na furaha. Niliandike hilo pia.

Tulifika kwenye maegesho saa tatu na dakika hamsini na tano. Wao walikuwa wakimshusha Kaho, wakimvalisha viatu. Simu yangu ikalia. Nikaenda nyuma ya gari.

Bi. Nakatsuji alisema Bibi alifariki saa tatu na dakika arobaini. Hakuhangaika. Alikuwa akigeuzwa upande, na pumzi iliyofuata haikuja.

Mbele yangu zilikuwepo ngazi za mawe, na juu yake lango: nguzo mbili za mti usiopakwa rangi, boriti mbili juu, mierezi nyuma yake mikubwa kuliko nyumba. Kaho alikuwa ameshashika pindo la kimono kwa mikono miwili. Aliniangalia — aliona namtazama — akanyanyua mguu mmoja kunionyesha kiatu.

Nikasema, “Asante kwa kunijulisha. Tutafika saa nane.”

“Saa nane?” aliuliza Bi. Nakatsuji.

“Saa nane.”

Nilimsikia akiandika. Kisha akasema atamchana nywele, na ataacha dirisha wazi kidogo.

Mihoko aliuliza ni nani. Kazini, nikasema. Siku ya Jumapili! Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilipokuwa nikipanda ngazi nilijitetea kama mwanafunzi mbele ya watahini. Nakumbuka nilisoma kwamba zamani maombolezo yalihesabiwa tangu habari ilipomfikia mtu, si tangu pumzi ilipokatika. Basi wasiosikia bado ni safi. Aliyechafuka ni mmoja tu, na huyo atabaki nje. Hoja nzuri. Nzuri mno: ningempa mwanafunzi alama za juu, halafu nisimwamini.

Walisimama mbele ya lango, wakainama. Mimi nilisita ngazi mbili chini. Nikamwambia Mama kwa sauti ya chini kwamba siku zangu zimeanza ghafla, sitapita. Kwetu wanawake wa rika lake bado wanauheshimu mwiko huo; nilijua hatabisha.

Mama alinitazama usoni. Kisha akautazama mkoba wangu, ule wenye simu. Haikuzidi muda wa kuvuta pumzi moja.

“Basi kaa juani, mwanangu,” alisema. “Usikalie jiwe hivihivi, lina baridi.”

Alivua skafu yake akanipa ya kukalia. Akamshika Kaho mkono. Wakainama tena wote wawili, wakapita.

Nilikaa. Ngoma ilisikika kutoka ndani, polepole, kisha haraka. Nilijaribu kumfikiria Bibi na nikashindwa. Nilimwona tu akiwa amepanda stuli mwaka 1981, mgongo wake, karatasi mkononi. Sijui ningemwambia nini. Pengine kwamba mara hii mtoto amepita. Pengine yeye angenijibu kwamba sikumfanyia Kaho lolote, nilijifanyia mwenyewe. Najua tu kwamba alikuwa peke yake chumbani, dirisha likiwa wazi kidogo, na binti yake wa pekee alikuwa ngazi chache juu yangu akipiga makofi mawili mbele ya miungu, na mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo.

Kaho alirudi na mfuko mrefu wa karatasi, wenye picha ya korongo na kobe. Ndani yake mna zile peremende za maisha marefu, ndefu kama mkono wa mtoto: moja nyekundu, moja nyeupe. Aliniambia kuhani alimtikisia karatasi kichwani zikamtekenya, akataka kucheka, akakumbuka mkanda. Mihoko alipiga picha nyingi. Tulikula tambi za ngano nyeusi kwenye mkahawa wa chini, kwa kuwa tuliahidiana tangu asubuhi, na nilimeza kila uzi.

Mama alitoweka kidogo. Aliporudi alinitilia mkononi kibandiko cha joto, kile cha kuweka tumboni. Alikuwa amekinunua kwenye duka la jirani. Nilikibandika, ningefanyaje? Kiliniunguza chini ya blauzi njia nzima ya kurudi.

Kaho alilala. Tulipoingia mjini, Tomonori akawasha taa ya kukata kona kuelekea nyumbani, na Mama akasema, bila kugeuka, tusiende nyumbani. Tumpeleke yeye kwa Bibi, mama yake.

Hapo ndipo niliposema.

Tomonori aliegesha kando ya barabara. Mihoko alifunika mdomo.

“Saa ngapi?” aliuliza Tomonori.

“Asubuhi.”

“Asubuhi ipi, dada? Kabla hatujapita lango au baada?”

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

“Mimi nimesikia sasa hivi,” alisema. “Na wewe umesikia sasa hivi. Endesha.”

Ilikuwa saa nane na dakika tano tulipofika. Bibi alikuwa amechanwa nywele. Tomonori na Mihoko walimwaga machozi kidogo, wakamtoa nje Kaho aliyekuwa akiuliza kwa nini Bibi Mdogo amevaa soksi nyeupe. Tulibaki wawili. Mama alichovya pamba kwenye maji akailowanisha midomo ya mama yake, mara tatu, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha. Alizungumza bila kuniangalia.

“Siku zako zilikoma mwaka jana, maua ya micheri yalipochanua. Mimi ndiye ninayemwaga pipa la bafuni.”

Akaiweka pamba kando.

“Sikukuuliza pale langoni,” alisema, “kwa sababu ungenijibu.”

Kisha akaniomba nitoke, akae naye. Nimekaa hapa zaidi ya saa mbili. Nilitaka kumwomba radhi kwa zile saa nne nilizomnyang'anya, lakini sasa sijui ni mimi niliyemnyang'anya au ni yeye aliyezitoa. Na kama alizitoa, alizitoa kwa ajili ya nani? Ya Kaho? Ya mtoto aliyepigwa picha mbele ya karatasi nyeupe? Natamani iwe hivyo. Ndiyo maana silitilii maanani sana wazo hilo.

Jumatatu, 13 Novemba

Bibi yuko nyumbani, chumba cha mbele, kichwa kimeelekezwa kaskazini. Mtawa wa Kibudha alikuja asubuhi akasoma. Mazishi ni kesho. Karatasi nyeupe iko mbele ya rafu ya miungu. Mama alipanda stuli mwenyewe, akakataa kushikwa. Siku hamsini zimeanza. Zimeanza lini hasa, hakuna aliyetaja. Cheti cha daktari, ambamo saa ya kufariki imeandikwa, kiko mezani. Mama alikikunja mara mbili bila kukisoma, akakiwekea kikombe juu.

Tomonori hajanisemesha tangu jana zaidi ya mambo ya magari na maua. Sidhani amekasirika. Nadhani ana hofu kwa ajili ya mtoto wake, na anaona haya kwamba ana hofu.

Sasa hivi, saa tisa mchana, limetokea jambo hili. Kaho alikuja na ule mfuko wa korongo na kobe. Bado hajazigusa peremende. Alisema anataka moja iingie kwenye jeneza la Bibi Mdogo, ale njiani. Zake ni mbili, alisema, basi moja kila mtu.

Mihoko alimvuta haraka, akamnong'oneza kwamba kitu cha hekaluni hakiwekwi kwa maiti, kwamba ni kitu cha furaha, cha kuishi miaka mingi.

“Mbona yeye ameishi mingi?” aliuliza Kaho.

Tomonori akanigeukia kwa mara ya kwanza. “Wewe ndiye uliyesoma, dada.”

Nilijibu kwamba sijui. Si kweli, najua angesema nini Bibi. Angesema hapana, bila kupandisha sauti. Tukajikuta wote tunamtazama Mama.

Mama alikuwa akipanga uvumba. Alifuta vidole kwa aproni. Aliutazama mfuko, kisha akakitazama kile cheti chini ya kikombe — au nilidhani hivyo. Pengine alikuwa anakitazama kikombe tu. Akampokea Kaho ule mfuko, kwa mikono miwili, kama anavyopokea vitu vya wageni, akaingia nao jikoni bila kusema.

Ametuacha hapa. Mihoko anamrekebisha Kaho kola, ambayo haina kasoro. Tomonori anatazama karatasi nyeupe. Mimi naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Nimesikia mfuko wa karatasi ukifunguliwa. Sasa Mama anaita kutoka jikoni, sauti yake ya kila siku, ile ya kuuliza nani anataka chai.

“Kaho. Ya Bibi Mdogo iwe nyekundu au nyeupe?”

Kaho bado anafikiri.